Pesa Yetu au Pesa Yao

ABILIO: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

ZULMIRA: Ni mimi, kaka. Zulmira.

ABILIO: Zu! Mbona namba ngeni? Nilikuwa nataka kukata. Nilidhani wale matapeli wa—

ZULMIRA: Nimenunua laini ya huku Windhoek. Ile ya nyumbani inakula hela vibaya sana.

ABILIO: Haya. Hamjambo huko?

ZULMIRA: Hatujambo. Na ninyi Lubango?

ABILIO: Tupo. Baridi tu. Jana maji kwenye ndoo ya nje yamefanya barafu juu. Mama kaamkaje?

ZULMIRA: Kaamka. Kanywa uji, vijiko vinne hivi.

ABILIO: Vinne tu?

ZULMIRA: Jana vilikuwa viwili, kwa hiyo leo tumshukuru Mungu. Sasa kajilaza. Mionzi yake ni saa nane mchana.

ABILIO: Leo ni ya kumi na nne.

ZULMIRA: Ya kumi na nne, ndiyo. Kaka, nilitaka—

ABILIO: Ngoja. Ngoja kwanza, afadhali umepiga, maana mimi mwenyewe nilikuwa nakutafuta na hupatikani. Hizi meseji ni za nini?

ZULMIRA: Meseji zipi?

ABILIO: Za benki, Zu. Kadi unayo wewe lakini akaunti ni yangu. Kila ukiigusa simu yangu inalia. Leo imelia mara nne na saa saba haijafika. Nakusomea. Saa mbili na dakika kumi, makato, elfu mbili na mia tano za hii kwanza yetu ya Angola. Saa mbili na kumi na mbili, elfu mbili na mia tano. Saa mbili na robo, elfu mbili na mia tano. Halafu saa tatu, elfu themanini na sita! Hizo tatu za mwanzo ulinunua nini? Peremende?

ZULMIRA: Sikununua kitu. Mashine ilikataa.

ABILIO: Ilikataa halafu ikakata?

ZULMIRA: Ndiyo hivyo. Ukiomba ukanyimwa, unalipa kwa kuomba.

ABILIO: Huu sasa ni wizi.

ZULMIRA: Niliweka dola elfu tatu za hapa, ikasema nimezidisha. Nikapunguza, ikakataa. Nikapunguza tena, ikakataa. Watu nyuma yangu wameanza kuguna. Nikaondoka, nikaenda mashine ya benki nyingine karibu na soko, hiyo ndiyo ikanipa elfu moja na mia nane.

ABILIO: Elfu moja na mia nane kwa kwanza elfu themanini na sita?

ZULMIRA: Mwenye mashine anakata dola sabini. Benki yetu nayo inakata yake. Na reti ya leo ndiyo hiyo. Nimesikia imefika arobaini na tatu.

ABILIO: Mlipoondoka ilikuwa ishirini na saba.

ZULMIRA: Najua.

ABILIO: Wiki tatu! Kwanza zetu ishirini na saba kwa dola yao moja, leo arobaini na tatu. Mtu akilala akaamka, hela yake imekonda. [mtandao unakwaruza] —na hiyo elfu moja na mia nane ni ya nini?

ZULMIRA: Sikusikii vizuri, kaka.

ABILIO: Nasema hiyo pesa uliyotoa leo ni ya nini? Hospitali unalipa kwa kadi. Chumba kimeshalipwa. Chakula mnapika wenyewe.

ZULMIRA: Ya matumizi.

ABILIO: Matumizi gani? Mtu anakula vijiko vinne.

ZULMIRA: Umeongea vibaya, kaka.

ABILIO: Samahani. Samahani, Zu. Sijalala vizuri.

ZULMIRA: Hakuna anayelala.

ABILIO: Nisikilize, sikugombezi. Leo nimeshinda benki. Nimeingia saa moja na nusu, nimetoka saa tano. Nimemkuta kijana mmoja pale dirisha la tatu, ana miwani, mpole, si kama yule mama anayewafukuza watu. Nikamwekea karatasi yangu mezani. Nimeandika kila kitu, unanijua.

ZULMIRA: Nakujua.

ABILIO: Nikamwambia, ndugu yangu, nina mama Windhoek anapigwa mionzi. Siku tano kwa wiki, dola elfu kumi na tano za kule. Wiki ya mwanzo mmekata laki nne na sabini na moja. Ya pili, laki tano na hamsini na sita. Jumatatu hii, laki sita na tisini na tano! Mionzi ni ile ile, mama ni yule yule. Nieleze.

ZULMIRA: Si reti? Pesa yetu inaanguka.

ABILIO: Ndivyo nilivyodhani na mimi. Akachukua kikokotoo chake. Akaniambia, baba, reti imepanda kweli, kamisheni yetu ya matumizi ya nje ipo kweli, lakini hata ukijumlisha vyote hufiki laki sita na tisini na tano. Kuna mtu katikati anauma. Zu, upo?

ZULMIRA: Nipo.

ABILIO: Akasema, kile kimashine cha hospitali, ukishachomeka kadi, kinauliza swali kabla ya namba ya siri. Ni kweli kinauliza?

ZULMIRA: Kinauliza.

ABILIO: Kinauliza nini?

ZULMIRA: Kama unataka kulipa kwa pesa yetu au pesa yao.

ABILIO: Na wewe unabonyeza ipi?

ZULMIRA: Kaka, haya yamepita, salio langu lenyewe—

ABILIO: Unabonyeza ipi, Zulmira?

ZULMIRA: Yetu. Kwanza.

ABILIO: Mara zote tatu?

ZULMIRA: Mara zote tatu.

ABILIO: Aah! Zu! Ukichagua yetu, mwenye kimashine ndiye anayebadilisha, kwa reti aliyojitungia mwenyewe! Halafu benki yetu inakuja inakata kamisheni juu ya hiyo hiyo. Unakatwa ukiwa umeshakatwa. Yule kijana ameniambia mtu akiwa nje asibonyeze pesa ya kwao hata siku moja, abonyeze ya pale alipo—

ZULMIRA: Najua.

ABILIO: Unajua nini?

ZULMIRA: Hayo unayoniambia. Najua tangu Jumatatu. Pale dirisha la malipo hospitalini kuna dada anaitwa Selma, bibi yake ni wa Ondjiva kwetu, anaongea Kireno kidogo. Nilipomaliza kulipa akaichukua risiti akaiangalia, akaniuliza, dada, kwa nini unajilipisha mara mbili? Akanieleza. Nikamwuliza kama inarudishwa. Akasema ukishabonyeza, umekubali.

ABILIO: Tangu Jumatatu! Na leo Alhamisi! Na hukuniambia?

ZULMIRA: Ningekuambia ili iweje?

ABILIO: Ili tujue! Wewe umesoma, Zu, umefundisha watoto wa watu hesabu. Nani aliyekufundisha ubonyeze pesa yetu? Nakuuliza.

ZULMIRA: Tuache hilo, kaka.

ABILIO: Siachi. Nani alikuambia—

ZULMIRA: Kaka. Tuache. Tafadhali.

ABILIO: Subiri. Ni mimi.

ZULMIRA: Hukujua.

ABILIO: Ni mimi. Pale stendi. Mama ameshapanda, wewe uko mlangoni, nikakushika mkono. Nikakuambia, mashine ikikuuliza bonyeza pesa yetu, kwanza, ili tuone tunalipa kiasi gani, tusiibiwe.

ZULMIRA: Ulisema kwa nia njema.

ABILIO: Nilisema kwa sauti, watu wote wasikie. Nikajiona mtu anayejua mambo ya nje. Mimi niliyefika nje mara moja, Oshikango pale mpakani, kununua mota za friji!

ZULMIRA: Hata mimi ningekuwa peke yangu ningebonyeza hivyo hivyo. Unaona maandishi ya nchi ya watu, halafu unaona pesa ya kwenu. Mkono unakwenda wenyewe.

ABILIO: Ni kiasi gani?

ZULMIRA: Kidogo.

ABILIO: Umeshapiga hesabu. Usinifiche, nakujua. Ni kiasi gani?

ZULMIRA: Kwa wiki tatu... mionzi ya siku moja. Na mboga za siku mbili tatu.

ABILIO: Siku moja.

ZULMIRA: Siku moja tu, kaka. Zilizobaki zote zimekwenda na reti, na reti hukuishusha wewe. Umeona kwa nini sikukuambia?

ABILIO: Siku moja ya mama nimewapa watu wa kimashine.

ZULMIRA: Usiseme hivyo.

ABILIO: Nisemeje?

ZULMIRA: [mtandao unakwaruza] —kaka? Kaka, unasikia?

ABILIO: Nasikia. Ngoja nipenge kamasi. Haya. Sasa sikiliza, hilo limepita, nitalimeza mwenyewe. Nina habari nzuri.

ZULMIRA: Habari gani?

ABILIO: Kwenye akaunti imebaki laki tano na ushei. Mionzi kumi iliyobaki, kwa reti ya sasa, haipungui milioni moja na laki tatu. Sivyo?

ZULMIRA: Kaka, subiri, kuna kitu inabidi—

ABILIO: Niache nimalize! Ninayo. Nimepata. Tena yule kijana wa benki kaniambia nisiiweke kwenye kadi, kwa sababu kadi ikiwa nje ina kikomo chake cha mwezi, na sisi tumekaribia kukigonga. Ndiyo maana hata mashine zinakukatalia. Kwa hiyo nabeba taslimu. Kesho alfajiri nashuka mpakani Santa Clara, natafuta kinguila mzuri—

ZULMIRA: Wale akina mama wa kubadilisha pesa barabarani? Watakupa reti ya kukunyonga.

ABILIO: Wananipa hamsini na mbili, nimeshauliza. Inauma, lakini hela unaishika mkononi siku ile ile, hakuna meseji wala kimashine. Namkabidhi dereva wa basi, Jumapili inakufikia. Jumatatu mama anaendelea bila kuruka hata siku moja.

ZULMIRA: Umeipata wapi pesa hiyo?

ABILIO: We pokea tu.

ZULMIRA: Abilio. Umeipata wapi?

ABILIO: Nimeuza pikapu. Zu?

ZULMIRA: Lini?

ABILIO: Leo asubuhi, kabla sijaenda benki. Kuna bwana mmoja wa Matala alikuwa anaitaka tangu Pasaka. Kanipa milioni na laki mbili. Najua ni bei ya kutupa, lakini mwenye shida hapangi bei. Kaiwasha palepale, kaondoka nayo.

ZULMIRA: Mungu wangu.

ABILIO: Mafriji ya kutengeneza nitayafuata kwa miguu. Mteja mwenye haraka atalipia toroli. Usijali kuhusu—

ZULMIRA: Mungu wangu. Kaka, nisamehe.

ABILIO: Nikusamehe nini? Wewe ndiye—

ZULMIRA: Nisamehe. Ningekuambia Jumatatu. Ningekupigia Jumatatu ile ile.

ABILIO: Si tumeshayamaliza ya kimashine? Nimesema nitalimeza mwenyewe.

ZULMIRA: Si ya kimashine.

ABILIO: Ya nini? Zulmira, ya nini?

ZULMIRA: Hiyo elfu moja na mia nane ni nauli. Nimekata tiketi tatu. Viti viwili vya mama, aweze kujilaza, na kimoja changu. Basi linaondoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi.

ABILIO: Basi la wapi?

ZULMIRA: La nyumbani.

ABILIO: Jumamosi hii? Kuna mionzi kumi bado! Umechanganyikiwa? Mmefukuzwa? Kama ni pesa nimekuambia ninayo, ninayo hapa mkononi—

ZULMIRA: Si pesa.

ABILIO: Ni nini sasa?

ZULMIRA: Ijumaa iliyopita walimpiga picha tena. Jumatatu jioni daktari akatuita. Ile ya kifuani imepungua, hakutudanganya. Lakini imekwenda kwenye ini.

ABILIO: Imekwenda.

ZULMIRA: Iko kwenye ini, kaka. Tulionyeshwa. Hata mimi nisiyejua nimeiona. Daktari akaeleza taratibu, Selma anatafsiri. Kwamba mionzi ikiendelea itasaidia maumivu ya kifua. Kwamba kuna dawa za kutiwa mshipani, ghali, nazo hana uhakika nazo. Mimi kichwa kimejaa maji, sielewi. Halafu mama akamwambia Selma, mwulize, nikimaliza zote ishirini na tano, Oktoba nitalima?

ABILIO: Akasemaje?

ZULMIRA: Hakusema.

ABILIO: Lazima alisema kitu.

ZULMIRA: Alivua miwani akaifuta. Mama akaniambia, twende, mwanangu, mtu huyu amechoka.

ABILIO: [mtandao unakwaruza] —siku tatu nzima! Jumatatu, Jumanne, Jumatano! Mimi nakimbia na karatasi zangu, nagombana na watu benki, nauza gari, na wewe unajua!

ZULMIRA: Najua.

ABILIO: Ulikuwa unangoja nini?

ZULMIRA: Sijui. Kila nikishika simu nasema acha alale leo. Unanitumia meseji, Zu, ya kumi na mbili imekwenda vizuri? Zu, ya kumi na tatu? Ulikuwa unahesabu kama mtu anayepanda ngazi. Nikashindwa. Nikasema kesho.

ABILIO: Kesho yako imenigharimu gari.

ZULMIRA: Imekugharimu gari.

ABILIO: Na mimi, mdomo wangu umemgharimu mama siku.

ZULMIRA: Basi.

ABILIO: Basi, mdogo wangu. Usilie. Usilie huko barabarani, watu watakuona.

ZULMIRA: Niko kwenye ngazi za nyuma. Hakuna mtu.

ABILIO: Na kama tungeendelea tu? Nasema tu. Pesa ipo. Hata kama ni kwa ajili ya maumivu.

ZULMIRA: Nilimwambia hivyo hivyo. Amekataa. Kesho anapigwa ya kumi na tano kwa sababu imeshalipiwa, ndivyo alivyosema, hawezi kuwaachia. Kisha anataka kwake.

ABILIO: Nipe niongee naye.

ZULMIRA: Habari ya gari usimwambie.

ABILIO: Simwambii.

ZULMIRA: Ameshapanga namna atakavyolala humo nyuma. Ukimwambia—

ABILIO: Nimesema simwambii, Zu. Nipe.

ZULMIRA: Ngoja niingie ndani. [mlango] Mama. Mama, umeamka? Ni Abilio. Shika hivi. Hapana, upande huu.

MAMA: Abilio.

ABILIO: Shikamoo, mama.

MAMA: Marahaba. Umekula?

ABILIO: Bado, mama.

MAMA: Saa saba hii. Jikoni kwangu kuna unga, kuna samaki wakavu kwenye kopo la juu. Au panya wameshawamaliza?

ABILIO: Wapo, mama. Samaki wapo.

MAMA: Huku wanapika uji mgumu, wanauita chakula. Dada yako anajitahidi, lakini unga wao hauvutiki. Nataka funge, ugali wa kwetu, na maziwa ya mgando. Mwambie shangazi yako akamwombe jirani Tchova, ng'ombe wake yule mwekundu amezaa.

ABILIO: Nitamwambia.

MAMA: Zulmira amekuambia?

ABILIO: Ameniambia, mama.

MAMA: Usimgombeze.

ABILIO: Simgombezi.

MAMA: Umeshamgombeza, nakusikia sauti. Nisikilize. Hesabu hii nimeipiga mwenyewe. Mtu aliye hai analipa kiti. Hapa chumba cha pili kulikuwa na bibi wa Benguela, alifia hapa. Watoto wake wamehangaika siku kumi na moja kumrudisha nyumbani, na makaratasi ya nchi mbili, kila dirisha linataka lake. Mimi nimefua mashuka ya hoteli ya reli miaka thelathini, sikuwahi kulipia kitu mara mbili. Nitapita mpakani nimekaa kwenye kiti changu, pasi yangu mkononi, wanigongee muhuri.

ABILIO: Mama—

MAMA: Uje unipokee. Santa Clara, upande wetu. Uje na pikapu, nyuma uweke lile godoro langu la sponji, la kitanda cha pili. Usiweke la kwako, lina mashimo.

ABILIO: Godoro litakuwepo, mama.

MAMA: Na mafriji ya watu uyashushe kwanza.

ABILIO: Yatashuka.

MAMA: Na watu wasijae uani. Shangazi yako namjua, atawaita kanisa zima. Nataka siku mbili za kulala kwanza. Wakija, waje mmoja mmoja, na wasije na sura zile.

ABILIO: Sura zipi, mama?

MAMA: Kama hiyo uliyo nayo sasa hivi.

ABILIO: Sawa, mama.

MAMA: Umelia?

ABILIO: Hapana. Mafua. Baridi.

MAMA: Vaa soksi. Haya, nimechoka mkono. Chukua dada yako.

ABILIO: Mama. Mama, nisamehe kwa—

ZULMIRA: Ni mimi, kaka. Ameshaugeukia ukuta.

ABILIO: Amelala?

ZULMIRA: Amefumba macho. Ngoja nitoke. [mlango]

ABILIO: Sauti yake ni nzuri. Sivyo? Sauti yake haijabadilika.

ZULMIRA: Sauti ndiyo imebaki.

ABILIO: [mtandao unakwaruza] —nitaazima la mchungaji. Rafiki yangu Nelito naye ana gari, ingawa bovu. Mmoja kati yao hatakosa kunipa. Nikikosa kabisa nakodi. Pesa si ninayo? Milioni nzima iko kwenye mfuko wa viatu, haina tena pa kwenda.

ZULMIRA: Yule bwana wa Matala hawezi kurudisha?

ABILIO: Ningempigia saa ngapi? Nitajaribu. Nitajaribu leo. Lakini alishangilia sana, Zu. Aliipigia honi mpaka kona.

ZULMIRA: Nisamehe, kaka.

ABILIO: Tumeshasema basi.

ZULMIRA: Kaka, salio linaisha, sauti ya kengele imeshalia mara moja. Sikiliza ya mpakani.

ABILIO: Nakusikiliza.

ZULMIRA: Tunafika Oshikango saa tisa, saa kumi. Upande wa kule wana viti vya magurudumu, Selma ameniandikia karatasi ya hospitali. Nitamsukuma mpaka kwenye muhuri, halafu mpaka geti letu. Pale kuna watu wengi, unapajua.

ABILIO: Napajua. Nitasimama pale pale kwenye kamba, mbele. Nitawaona tu mkitokea.

ZULMIRA: Ndilo ninalotaka kukuambia. Usimtafute mama.

ABILIO: Nisimtafute vipi?

ZULMIRA: Utampita. Utamwangalia usoni na utampita, utaangalia nyuma yake. Majirani zetu wa hapa, watu wa Cunene wanaomfahamu, wamempita jana kwenye korido.

ABILIO: Zu. Ni mama.

ZULMIRA: Ni mama. Ndiyo maana. Akikuona unamtafuta naye yuko mbele yako, hilo sitaki alione. Mengine yote ameyaona. Nitafute mimi. Mimi sijabadilika. Nitavaa sweta la njano, kubwa, la wanaume, nimelinunua hapa. Ukiliona, aliye kwenye kiti mbele yangu ndiye. Usisite. Nenda kwake moja kwa moja, ukicheka, kama mtu aliyemwona tangu mbali.

ABILIO: Amepungua kiasi gani?

ZULMIRA: Kengele hiyo ya pili. Kaka, moja kwa moja, umesikia? Usisimame kwanza ukaangalia—

ABILIO: Nimesikia.

ZULMIRA: —na ukimnyanyua usishtuke, atakuwa mwepe—

ABILIO: Zu? Haloo? Haloo! ... Njano. Nimesikia. Sweta la njano. Haloo?